"Usihukumu" ya mhazini na "usihukumu" ya binti wa kwaya

Barua na ujumbe wa simu wa miezi miwili umejaa meza yangu, na karibu nusu yake una neno hilohilo: msihukumu. Nimechagua nane. Majina nimeyaondoa na mambo mengine nimeyabadilisha kidogo, maana vijiji vyetu havina siri.

*Mwalimu, sisi ni akina mama thelathini wa kikundi cha akiba cha kanisa. Mhazini wetu, ambaye ni mke wa mzee wa kanisa, amekula shilingi 4,200,000 tulizokuwa tugawane Krismasi. Tulipotaka kwenda polisi mchungaji akatuambia Yesu alisema tusihukumu. Tufanyeje? (Mama, Busia)*

Dada zangu, kwanza sanduku. Vikundi ninavyovijua mimi vina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila wote wameketi. Kama mhazini alishika funguo zote, hilo nalo ni la kujadili, na si yeye peke yake wa kulijibu.

Sasa andiko. Mathayo 7 inaanza na "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Mchungaji wenu angevumilia mpaka mstari wa 5 angekuta Yesu anasema itoe kwanza boriti katika jicho lako, ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kwa hiyo kibanzi kinatolewa. Mstari wa 6 unakataza kuwatupia nguruwe lulu, na sijui mtu atamtambuaje nguruwe bila kupima mambo. Kinachokatazwa ni kukalia kiti cha Mungu na kufunga habari ya mtu: huyu mwizi, atakufa mwizi, na watoto wake wezi. Kusema "hela zetu hazipo na funguo ulikuwa nazo wewe" ni hesabu tu.

Njia imeandikwa Mathayo 18: mwendeeni faraghani, kisha na mashahidi wawili au watatu, kisha kanisa. Mtaambiwa Paulo aliwakataza Wakorintho kushtakiana. Ndiyo, lakini someni alivyouliza: hivyo kwenu hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu? Alitaka kanisa liamue. Hakutaka linyamaze. Kanisa likikataa kazi hiyo, nendeni kwa mwenyekiti wa LC, lile baraza la kijiji hapa Uganda, na mkilazimika nendeni polisi, wala msione aibu.

Na kama mama huyo atatubu, Zakayo yupo. Aliahidi kurudisha mara nne, na Yesu hakumwambia "acha tu, yameisha." Alisema leo wokovu umefika nyumbani humu. Mara nne sisemi mdai. Alipe kidogokidogo, iandikwe, mashahidi watie saini. Akimaliza, mrudishieni nafasi yake kwenye duara, ila ufunguo akae nao mwingine.

*Binti wa kwaya yetu amepata mimba. Kamati imemvua joho na kumkalisha benchi la nyuma mpaka atubu mbele ya kanisa. Kijana aliyempa mimba anapiga kinanda kila Jumapili. Mimi ni mwanakamati na nilinyoosha mkono kukubali. Je, nilikosea? (Tororo)*

Ulikosea.

Soma Yohana 8. Walimleta mwanamke aliyefumaniwa katika kuzini, na mtu hafumaniwi katika kuzini akiwa peke yake. Sheria waliyoitaja, Walawi 20:10, inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Mimi nimesoma sura hii kwenye mimbari miaka mingi kabla sijajiuliza yule bwana alipitia mlango gani. Labda alikuwa na shemeji kwenye kamati.

Linganisha barua yako na ya mama wa Busia. Ni andiko moja. Kwa mke wa mzee wa kanisa linatolewa haraka kama mwavuli, na kwa binti wa miaka kumi na tisa hakuna aliyelikumbuka. Dhambi ya binti inaonekana kwa sababu tumbo linakua. Kinanda hakivimbi.

Yesu hakusema uzinzi si kitu. Alimwambia asitende dhambi tena. Lakini sikiliza mpangilio: kwanza "wala mimi sikuhukumu", ndipo "enenda zako". Kamati zetu hugeuza, zikitaka mtu anyooke kwanza ndipo aondolewe hukumu. Nenda kwa mama yake binti wiki hii, beba sukari na sabuni, useme kwa kinywa chako kwamba ulinyoosha mkono. Kisha rudi kwenye kamati: ama vijana wote wawili wapumzike huduma na wafundishwe pamoja, ama binti arudishiwe joho lake. Litakuwa linambana sasa, mtafutieni kubwa.

*Nabii mmoja Kampala amesema ukoo wetu una laana kwa sababu babu alikuwa mganga. Kila mwaka natoa sadaka ya mbegu ya laki tano ili ivunjwe. Mwaka huu boda hailipi. Laana itarudi? (Mukono)*

Mwanangu, laana inayovunjwa kila mwaka ni sawa na stika ya bima ya pikipiki. Ezekieli 18:20 imesema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na babu yako yuko mbali zaidi ya baba. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu akajibu si yeye wala wazazi wake. Laki tano hiyo weka tairi.

*Nimeokoka miaka 20. Ndugu wa ushirika wananibana nitembee nuruni, niungame mbele ya wote kwamba nilizini mwaka wa pili wa ndoa. Mke wangu hajui. Nikinyamaza ni unafiki? (Mzee, Kabale)*

Ndugu yangu, wewe unatoka kwenye shina lenyewe la uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, walikaa siku mbili kwenye kilima cha Namirembe wakisoma na kuomba, na miaka iliyofuata moto uliwaka Gahini, Rwanda, ukaingia Kigezi, kwenu Kabale. Watu waliungama hadharani na kurudisha walivyoiba. Hata neno mlokole, ambalo leo mtu wa Dar es Salaam analitumia bila kujua lilikotoka, ni la Kiganda: mulokole, aliyeokolewa. Nauheshimu uamsho huo kuliko mambo mengi ya kanisa letu. Lakini moto huohuo uliunguza pia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, kila upande, walokole na wakuu wa chuo, ukiwa na hakika kwamba dhambi iko upande wa pili.

Ninavyoona mimi, ungamo lisiwe pana kuliko jeraha. Aliyejeruhiwa ni mke wako, si watu mia mbili wa ushirika. Akisikia habari hii kwenye kipaza sauti, umemkosea mara ya pili, safari hii kwa wimbo na makofi. Yakobo 5:16 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na haitaji mkutano.

Anza na mtu mmoja mwenye mdomo mzito, mchungaji au mzee mwenzako. Kama hamjapima damu pamoja tangu wakati ule, kapimeni. Hilo si la kiroho lakini ni la kweli, na mke wako ana haki nalo. Kisha mwambie, mkiwa nyumbani, wakati ambao hana mgonjwa wala msiba. Usimsomee mistari ya kusamehe. Amechelewa miaka mingi kuijua habari hii, basi mpe muda wa kukasirika. Nakuonya jambo moja: wapo waungamao ili wao walale vizuri, huku mwenzao ndiye anakesha. Ushirika waambie neno hili umelipeleka kwa mwenyewe. Wakitaka zaidi, wakamwombe ruhusa mke wako.

*Mume wangu ananipiga akilewa. Asubuhi anapiga magoti na kunikumbusha saba mara sabini. Nimefika ngapi? (Mama, Mbale)*

Mama, usihesabu. Ondoka kwanza, wewe na watoto, nenda kwa ndugu zako.

Neno la saba mara sabini lilikuwa jibu kwa Petro aliyekosewa, aliyetaka kujua avumilie mpaka wapi. Halikupewa mkosaji awe nalo mfukoni kama kitambulisho. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikimbia usiku akavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Mwaka huohuo, akiwa London, aliamua kumsamehe Amin na akasema hivyo hadharani. Watu wengi walishangaa. Ila angalia jambo hili: hakurudi Uganda kumwonyesha Amin kwamba amemsamehe. Alirudi 1979, Amin alipokuwa ameondolewa. Unaweza kumsamehe mtu ukiwa upande wa pili wa mpaka.

Tuna Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010. Anzia kwa LC au kituo cha polisi, uliza wanaoshughulikia mambo ya familia na watoto. Mchungaji akikwambia unavunja ndoa, mwambie imevunjwa kwa ngumi kabla hujafunga mzigo.

*Nikiwa na hasira nilimtukana Roho Mtakatifu moyoni. Nimesoma kwamba dhambi hiyo haina msamaha. Siwezi kulala. (Mwanafunzi, Lira)*

Marko 3 inaeleza Yesu alikuwa anawaambia akina nani: waandishi waliomwona akitoa pepo kwa macho yao, wakasema anafanya kwa mkuu wa pepo. Walijua, wakageuza nuru kuwa giza kwa makusudi, na hawakukosa usingizi hata kidogo. Wewe unalia ukiutafuta msamaha. Lala, mwanangu, una mitihani.

*Aliyemuua kaka yangu amerudi kijijini kutoka porini. Waasi walimteka akiwa na miaka kumi na miwili. Sasa anakaa mbele yangu kanisani na nimeshindwa kumpa mkono wa amani. Je, niache kupokea komunyo? (Kitgum)*

Barua hii nimekaa nayo wiki tatu. Mimi ni Mwanglikana. Habari ya komunyo kwa Mkatoliki kamuulize padri wako, nisije nikaingia shamba la jirani. Nakuachia tu jambo moja la Mathayo 5:23. Yesu anasema ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa *ndugu yako ana neno juu yako*, iache, uende upatane naye. Anayeambiwa aondoke madhabahuni ni mwenye kudaiwa. Katika jambo lenu, hatua ya kwanza si yako.

Wazee wa Acholi wanalijua hili pengine kuliko sisi wahubiri. Katika mato oput, desturi yao ya kupatanisha koo baada ya mauaji, watu hawaanzi na kunywa ule mzizi mchungu. Kwanza upande ulioua unakiri, habari inasemwa ilivyokuwa, fidia inakubaliwa, ndipo koo mbili zinainama pamoja kwenye kibuyu. Uchungu unanywewa na wote wawili. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, walisimama pamoja kudai Sheria ya Msamaha ya 2000, nami naamini walifanya vema, kwa sababu watoto walitoka porini. Lakini sheria ile ilimwondolea mtu kesi. Haikuja nyumbani kwenu kusema kaka yako alikufaje na amelala wapi.

Halafu kuna ule umri, miaka kumi na miwili. Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA, naye alitekwa akiwa mtoto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilimkuta na hatia mwaka 2021 ikampa miaka 25, na majaji waliupima utoto wake ulioibwa walipopanga adhabu. Kama majaji waliokaa na kesi hiyo miaka waliona pande zote mbili kwa mtu mmoja, wewe usijilaumu kwamba unaziona na zinakuvuta huku na huku. Amekosewa, na amekukosea.

Sitakwambia mpe mkono Jumapili ijayo. Mtume mtu, katekista au mzee wa ukoo, amwambie kwamba unataka kusikia habari yote, na uko tayari kuisikiliza. Mkono uje baada ya hapo, wala usije mapema. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja kidogo: usimtakie kifo. Ukishindwa hata hilo, mwambie Mungu kwamba umeshindwa. Zaburi zimejaa watu waliosema hivyo.

*Mwalimu, na wewe? Kuna mtu umeshindwa kumsamehe? (Jinja)*

Nilijua mtafika hapa. Yuko mtu aliyeniuzia kiwanja ambacho alikuwa amekwisha kumuuzia mwingine. Ni miaka kumi na moja sasa. Nimehubiri mara nyingi ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi kisha akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Hesabu yake naijua kwa kichwa: talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, na dinari ni ujira wa kibarua wa siku moja. Mimi ndiye mtumwa yule, na ninalijua hilo vizuri.

Hela sikurudishiwa. Salamu tunapeana, na mwanawe alipooa nilikwenda, nikala pilau. Lakini mke wangu anasema jina lake likitajwa bado nasaga meno, na mke wangu huwa hakosei mambo haya. Mniombee. Mwezi ujao nitajibu maswali ya mirathi, yamerundikana.