Jibu: Swichi za chuma za kubonyeza kwa amplifaya ya kujitengenezea

Ndugu, umeuliza zinakopatikana swichi za chuma za kubonyeza zenye sura nzuri, kwa kuwa zile za plastiki zinaharibu mwonekano wa amplifaya unayojitengenezea. Nakushauri utafute kwa wauzaji wa vifaa vya umeme vya viwandani badala ya wauzaji wa vipuri vya redio, kwa sababu swichi za aina hiyo hutengenezwa kwa ajili ya lifti na mashine za hadharani zinazobonyezwa na watu wengi kutwa nzima. Nyingi ni za chuma cha pua au alumini, na vipenyo vya kawaida vya tundu la kuzipachika kwenye kasha ni milimita 16, 19 na 22. Kwangu mimi, ile ya 16 yenye uso bapa na duara jembamba la taa ndiyo inayopendeza kuliko zote.

Angalia sana volti ya taa, ambayo mara nyingi ni 12 au hata chini ya hapo, kwani haihusiani na volti ambayo swichi yenyewe inaweza kukata. Jambo zito zaidi ni kwamba transfoma kubwa ya mviringo, inayolisha amplifaya umeme, huvuta mkondo mkali mno kwa kitambo kifupi inapowashwa, kiasi cha kuweza kuunguza au kugandisha migusano midogo iliyomo ndani. Kwa hiyo swichi iendeshe rilei tu (swichi nyingine inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme mdogo), na rilei yenye uwezo wa kutosha ndiyo ibebe mzigo, huku kasha lote la chuma likiunganishwa na waya wa ethi.