Pumzi 20 za kila mgonjwa: jibu kwa nesi aliyeuliza kuhusu kozi ya kuchunguza mwili

Mdogo wangu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Unasema una stashahada, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga unayo, miaka miwili uko wodini hapa Dar, na sasa umepata nafasi ya kozi fupi ya uchunguzi wa mwili kwa wauguzi. Unauliza ununue stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia kifua, ya bei mbaya au la, na ufanyeje daktari akikwambia hiyo si kazi ya nesi. Nitajibu yote, ila stetoskopu isubiri mwisho, maana tatizo haliko huko.

Mimi ni nesi mwanaume, mwaka wa 14 huu, sehemu kubwa wodi za magonjwa ya ndani. Kuna usiku mmoja tulikuwa wawili kwa wagonjwa thelathini na kitu, wengine wako chini kwenye magodoro. Mama mmoja kalazwa na homa. Presha nilimpima kweli, joto nilimpima kweli. Pumzi? Nikaona aliyenitangulia kaandika 20, na aliyemtangulia yeye kaandika 20, nami nikaandika 20. Alfajiri akaingia sista mtu mzima, wa enzi za kofia nyeupe. Akasimama miguuni kwa kitanda, hakumgusa yule mama, akatazama saa yake dakika nzima. Akaniita pembeni: "Mwanangu, huyu anapumua 36. Hiyo 20 umeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulipomtazama vizuri, pua zilikuwa zinacheza, na hakuweza kumaliza sentensi bila kukata. Alihamishiwa kwa wagonjwa mahututi asubuhi ileile. Alipona, akarudi nyumbani baada ya wiki mbili hivi, na mtoto wake alinishukuru. Zile shukrani zilinichoma kuliko matusi.

Kesho pitia mafaili ya wodi yako uone. Utakuta 20, 20, 20, halafu 22 pale mtu alipotaka aonekane mkweli. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25 na kuendelea, mimi sikai. Pumzi mara nyingi hupanda saa kadhaa kabla presha haijashuka, na ukisubiri presha ndiyo ikuamshe umechelewa. Hesabu sekunde 60 kamili, siyo 15 mara nne, na uhesabu ukiwa umemshika kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, kwa sababu mtu akijua unamhesabu pumzi hubadilisha mwendo.

Kwa hiyo kozi nenda, lakini ujue watakufundisha mambo manne ambayo mikono na masikio yako tayari yanayajua: kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza. Kugonga ndiko kunakowatisha wengi. Hebu niambie, maji yakikatika mtaani kwenu, unajuaje simtanki limebaki na kiasi gani? Unaligonga kutoka juu kushuka. Panapobadilika sauti ndipo maji yalipoishia. Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria aliyeandika kuhusu kugonga kifua mwaka 1761, alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba alianza kwa kuona mapipa ya baba yake yakigongwa hivyohivyo. Kifua chenye hewa kinalia kama tanki tupu. Chenye maji kinajibu dufu, kama umegonga paja. Hapa kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo, mgonjwa mwenye upande mmoja dufu kuanzia chini, na ukisikiliza hapohapo pumzi husikii, usimwache hadi raundi ya kesho. Gonga kulia, gonga kushoto, ulinganishe. Usimalize upande mmoja wote kwanza, sikio litasahau.

Na kifua safi nacho kina habari zake. Kijana aliletwa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu, za kina, za haraka. Oksijeni kwenye kifaa cha kidoleni asilimia 98, mapafu safi pande zote. Mtu akasema ana wasiwasi tu, apewe maji atulie. Anayehema vile na mapafu safi, mpime sukari kwanza. Kwa yule kijana mashine ya sukari haikutoa namba, iliandika kwamba ipo juu mno. Kisukari kilikuwa kimeujaza mwili asidi, na yale mahemo ndiyo njia yake ya kuitoa.

Sasa jambo ambalo vitabu vingi vilivyotufundisha vimelipuuza: rangi yetu. Vitabu vinasema tazama ngozi kama imekuwa ya bluu, tazama wekundu kuzunguka kidonda. Wekundu gani kwa mzee wa Mbagala? Upungufu wa oksijeni utafute kwenye ulimi na ndani ya midomo. Upungufu wa damu, shusha kope ya chini, halafu viganja. Manjano, mpeleke dirishani kwenye mwanga wa jua, siyo chini ya taa ya wodi, na mwambie atazame chini uone ile sehemu ya jicho inayofichwa na kope ya juu, maana wazee wetu wengi macho yana ukahawia wao wa miaka yote. Kidonda kinachoanza kuoza, tumia mgongo wa mkono: kina joto, kimevimba, kimekaza, na ngozi inang'aa au imekuwa nyeusi zaidi. Hata kile kifaa cha kidoleni usikiamini moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa Marekani 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi huweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo, mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Na bibi harusi mwenye piko vidoleni, hamishia sikioni kama kifaa chako kinaruhusu.

Tumbo nitapita haraka: tazama, sikiliza, kisha ndipo ugonge na upapase, ukianzia mbali na panapouma. Ukilibonyeza kwanza unaweza kuyachokoza matumbo, na utakachosikia baadaye si chake.

Heshima nayo. Pazia mara nyingi hakuna. Mimi huomba khanga mbili kwa ndugu, wanashika huku na huku, na nikiwa na mgonjwa wa kike namwita sista asimame nami. Namuuliza mgonjwa mwenyewe, siyo mume. Na ndugu akikwambia "baba leo siye yule", iandike. Mzee akianza kupotea maneno jioni wakati asubuhi alikuwa anakutania Simba na Yanga, hicho ni kipimo.

Kuhusu daktari. Hakuna aliyewahi kunifokea kwa kuhesabu. Wanachokereka nacho ni simu ya saa nane usiku inayosema "daktari, mgonjwa wa kitanda cha saba hayuko vizuri". Mimi husema hivi: "Daktari, ni kitanda cha saba, mwanaume wa miaka 52, siku ya pili ya nimonia. Pumzi zilikuwa 22 saa nne, sasa 32. Oksijeni imetoka 95 hadi 89. Kulia chini kuna dufu ambayo jioni haikuwepo. Nimemkalisha na nimemwekea oksijeni. Naomba uje umwone sasa." Mara nyingi anakuja. Na kwenye faili usiandike ugonjwa mpya kwa kubahatisha, andika ulichokiona na kukisikia, na saa. Akikataa kuja, andika na hilo, kisha mpigie aliye juu yake.

Stetoskopu sasa. Ya kawaida inatosha, mradi mpira haujapasuka na vya masikioni vinaziba. Zima feni kwanza. Anza na mapafu mazima: watoto wa nyumbani, mashemeji, jirani, hata hamsini, ukichoka rudia. Ya bei mbaya ukiinunua andika jina lako kwa maka peni, pande zote mbili, na intani, yaani daktari aliye mazoezini, akiiazima kwako dakika mbili tu, mfuate nyumanyuma.