Mdogo wangu, mkorogo usiuache kwa kukata ghafla

Umeuliza uache vipi mkorogo, yaani hizi krimu za kujichubua, maana uso unawaka ukisogea tu jikoni na mashavu yametoka mishipa myekundu, pole sana jamani. Hizo krimu nyingi zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndo inafanya ngozi iwe nyembamba hivyo, na ukikata siku moja uso unaweza kuvimba na kuwasha vibaya, so nenda kwa daktari wa ngozi na kopo ulibebe alione akupunguzie taratibu. Kama una mimba mwambie, zingine zina zebaki na hiyo inaweza kuharibu figo na kumdhuru mtoto tumboni. Mimi nilikaa na mabaka miezi, nikawa najifunika mtandio hata ndani, saivi ni mafuta ya kawaida na mwavuli juani. Na aliyekwambia weusi wako haupendezi amekuumiza bure, ulikuwa mzuri toka mwanzo.