Usisubiri Moyo Uchangamke Ndipo Usali

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Nasali, lakini sihisi chochote. Natamka maneno huku akili iko kazini. Huu si unafiki? Si bora niache mpaka moyo urudi?" Najua wengi mnaonisoma mnabeba swali hilohilo, kwa sababu nyote mnataka ibada iliyo hai, si ya kutikisa midomo tu.

Usiache.

Nayasema haya kwa sababu ya baba yangu. Alipopatwa na kiharusi, upande wa kulia ulipooza na maneno yakawa hayatoki. Mimi ndiye niliyemuuguza. Kuuguza kunamaliza hata hamu ya kusali: usingizi unakatikakatika, mgongo unauma kwa kumgeuza mgonjwa, na alfajiri ikiingia unakitamani kitanda kuliko pepo. Nilikuwa nafungua bomba kidogo tu ili asishtuke, natawadha, nasimama kwenye mswala bila ladha yoyote. Hakuna machozi, hakuna ule utulivu wanaousimulia watu. Lakini nilisimama, swala zote tano, na sioni haya kusema kwamba najivunia.

Baba naye alisali. Dini haimbebeshi mgonjwa asichokiweza: aliyeshindwa kusimama aketi, aliyeshindwa kuketi alale ubavu. Nilimtawadhisha palepale kitandani, beseni chini ya kiwiko, kisha namlaza ubavu akielekea kibla. Kichwa kilishuka kidogo kwa rukuu, kikashuka zaidi kwa sijida. Na hapa ndipo nilipostaajabu: mtu aliyeshindwa kuniita jina, aliyeshindwa kuomba maji, alisoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Qurani, mpaka mwisho.

Madaktari wanalijua jambo hili. Kiharusi kikimpokonya mtu usemi, mara nyingine bado huweza kuhesabu, kuimba au kusoma dua alizozizoea, maana maneno yaliyorudiwa kwa miaka hayategemei njia ileile ya ubongo inayotunga sentensi mpya. Sasa jiulize: baba aliisoma Alhamdu mara ngapi maishani akiwa amechoka, akiwa na madeni, akili ikiwa mbali? Hizo ndizo zilizombeba.

Ndiyo maana hutaona dini kubwa zikimwachia mja asubiri hisia. Danieli wa Biblia alipiga magoti kusali mara tatu kwa siku. Watawa wa Kikristo wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, wamegawa mchana na usiku kwa saa za sala. Na Mtume wetu, kama alivyopokea Bi Aisha, alisema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo weka wakati, na uwe mfupi unaoumudu. Ukifika, simama. Ukiwa na furaha simama, ukiwa mkavu simama.

Kuna jingine ambalo bado linaniuma. Katika miezi ile alikuja mtu anayeheshimika miongoni mwa waumini wenzetu, akakaa miguuni pa kitanda, akatamka kwamba maradhi haya ni adhabu ya dhambi zilizofichwa. Baba hakuweza kujibu, lakini alikuwa anasikia. Chozi lilimtoka kwenye jicho la upande usiopooza. Nabii Ayubu aliugua, na ni nani anayethubutu kumwita mwovu? Enyi mnaopenda kusema kwa niaba ya Mungu, muogopeni Mungu huyo! Dini inayomponda aliyelala kitandani siitambui, na wewe usiitambue.

Kwako uliyeniandikia: kesho sali, hata akili ikiwa kazini vilevile. Ukigundua imetoroka, irudishe kwenye aya uliyofikia, uendelee. Keshokutwa hivyo hivyo. Na ukienda kumtazama mgonjwa, muombee afya, msaidie anayemuuguza kumgeuza, kisha uage.