Usiivute bolti kwa skeli, chagua saizi nyengine
Yakhe ulouliza vipi uigeuze bolti ya M8 (kipenyo mm 8) iwe M10 (mm 10) kwenye modeli ya kompyuta ya breketi ya mashine ya boti, usitumie skeli, ile amri ya kukuza kitu kizima, hata kidogo. Ukizidisha kwa 1.25 kipenyo kweli kitakuja 10 lakini na vyengine vyote vinavutika nacho, nafasi ya jino hadi jino ya M8 ni 1.25 mm itakuwa 1.5625 wakati M10 ya kawaida ni 1.5, kichwa cha spana 13 kinakuwa 16.25, spana hiyo huipati sokoni Darajani wala popote, na urefu ndo umeshaharibika. Kama unachora kwa programu ya FreeCAD weka Fasteners, nyongeza yake ya bolti, ichague bolti kisha kwenye sifa zake badilisha kipenyo na urefu, basi. Kama programu yako ni SolidWorks nenda Toolbox, maktaba yake ya bolti.

Na tundu nalo lirekebishe! M8 hutobolewa tundu la mm 9, M10 inataka 11. Mie nshaona breketi nzima ya stenlesi imekatwa Malindi bolti zimebadilishwa kwenye mchoro matundu yameachwa yale yale ya 9, haikuingia hata moja, roho iliniuma maana stenlesi ghali na kuitoboa upya kwa mkono ni kazi.