FUNDI ANAJIBU: Trekta bovu, mota ya foklifti na dumu moja la dizeli

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote ya umeme, nadhani kila mtu keshaona video za matrekta yanayotembea kimya kimya huko Ulaya. Nimechagua matatu. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu mwenyewe keshatoa pesa.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie niko Bumbwisudi, nna trekta dogo la hospawa 25 la marehemu babaangu, injini imepasuka bloki na spea hazipatikani. Kuna mtu kaniuzia mota ya foklifti ya volti 48, nzima. Nataka ning'oe injini niweke mota na betri za gari, nichimbe na kuburuga konde langu la mpunga na za wenzangu kwa kukodisha. Nahitaji betri ngapi? Jirani yangu ananambia kumi zatosha.

JIBU: Waalaykum salaam, na Mungu amrehemu mzee. Jirani yako nia yake njema lakini hajapiga hesabu.

Mota sio tatizo, tena mota ndio sehemu nzuri ya mpango wako wote. Mota ya umeme inatoa nguvu zake za kuzungusha tokea pale inaposimama, haingoji ipande mizunguko kama dizeli, ndio maana foklifti inaondoka na mzigo wake bila ya kunguruma. Kazi ipo kwenye kuuweka huo umeme.

Hebu chukua kalamu. Hospawa 25 ni kilowati 18 na ushei. Kuchimba si sawa na kupita barabarani, jembe likishaingia ardhini trekta linavuta tu mfululizo, hakuna mteremko wala kupumua, tuseme linakula kilowati 12. Saa 5 za kazi ni yuniti 60 (yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), hizi hizi yuniti za umeme unazonunua za Tukuza nyumbani. Sasa betri ya gari ya volti 12 ampea-saa 100 ikijaa ina yuniti 1.2, na ukiikausha kupita nusu unaiua, maana betri ya gari imeundwa ipige selfu basi, kwa hiyo cha kutumia ni yuniti 0.6. Gawa 60 kwa 0.6. Betri mia moja yakhe! Kila moja kilo 25 na zaidi, hizo ni tani mbili u nusu juu ya trekta dogo ndani ya bonde la mpunga, hapo hutochimba, utakwenda kutafuta watu wa kulikwamua.

Upande wa pili: lita moja ya dizeli ina kama yuniti 10 ndani yake, injini inapoteza theluthi mbili kwa moto na moshi, inakubakishia kama 3 za kazi. Yuniti 60 ni lita 20. Dumu moja la njano, unalibeba kwa mkono.

Utaniuliza mbona foklifti inabeba betri zile nzito na inafanya kazi? Foklifti inautaka ule uzito, betri ndio jiwe la nyuma linaloizuia isipinduke ikinyanyua, na inazunguka kwenye sakafu ya saruji hatua chache kutoka kwenye chaja. Wewe huna sakafu, una tope.

Na wakubwa wenyewe wa kuunda matrekta wamekwama hapo hapo. John Deere trekta lao la majaribio la SESAM walilitia betri ya yuniti 130 na likawa la kazi ya saa 4 hivi. Fendt mwaka 2017 walionyesha e100 Vario, betri kama yuniti 100, mpaka saa 5, na wao wakalipangia zaidi kazi za karibu na nyumbani, mabanda ya ng'ombe, greenhausi, usafi wa mji. Sio kulima kutwa.

Sasa usiitupe mota. Fanya hivi: achana na betri za gari, tafuta betri za lithiamu ya fosfati (LiFePO4), seli 16 za volti 3.2 na ampea-saa 280. Hizo ni yuniti 14, kilo kama 90 bila ya boksi, trekta linazibeba bila ya kusema kitu. Kwa kuchimba utapata saa moja na kidogo, lakini kwa kuvuta tela la mbolea na magunia, nusu siku inakwenda, kwa sababu tela halivuti nguvu zote kila dakika. Kuburuga waachie wenye dizeli kwa sasa.

Mambo ya kuangalia wakati wa kufunga. Gia na klachi ziache pale pale, gia ndogo ndio itaiokoa mota isiungue. Pampu ya haidroliki inayonyanyua jembe ilikuwa inazungushwa na injini, injini ikiondoka na mota ikisimama, mikono ya nyuma nayo hainyanyuki, kwa hiyo itafutie pampu mota yake ndogo. Waya: kilowati 12 kwa volti 48 ni ampea 250, usiniletee waya za selfu ya pikipiki. Na fyuzi iwe ya umeme wa betri, ya umeme wa nyumba ikikatika cheche inaendelea kuwaka ndani.

Na hili nalisema kwa sauti. Mota nyingi za foklifti za zamani zimefungwa kwa mtindo wa siriizi, yaani umeme ule ule unapita koili za nje kisha za ndani zinazozunguka. Usiitie volti zote juu ya benchi bila ya mzigo! Mie nilifanya ujinga huo kijana, ilipanda sauti mpaka ikawa inalia kama king'ora, nikachomoa waya na mkono unatetemeka. Inazidi kuongeza mbio mpaka inajipasua na vipande vinaruka. Kuijaribu tumia volti 12 na uifunge na klampu.

Kuchaji: soketi ya ukutani inatoa kilowati 3 kwa juu kabisa, hizo yuniti 14 ni saa 5 au 6, usiku mmoja. Lakini umeme wetu Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari, na waliokuwepo 2008 na ile Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanajua umeme huo ukikatika inakuwaje. Ukiweza tia paneli 10 za wati 400 juu ya banda, siku ya jua unapata yuniti 15 na zaidi.

SWALI: Fundi, kaka yangu anasema kuna buldoza la dizeli na la umeme kwa pamoja. Si gharama mara mbili? (Msomaji, Cheju)

JIBU: Kaka yako kasema kweli. Caterpillar walilionyesha D7E mwaka 2008, dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, mota zinasukuma minyororo. Faida yake injini inakaa kwenye mwendo wake mzuri hata buldoza likienda polepole, na gia za kubadilisha hakuna, mafuta yanapungua. Treni nyingi ndivyo zilivyo zamani sana. Kwa trekta la hospawa 25 haliji, vyombo ni vingi kuliko faida.

SWALI: Niko Mtambwe, Pemba. Guta la betri lenye mota ndani ya ringi litabeba karafuu kwenye vilima vyetu?

JIBU: Tambarare litabeba. Kwenye kilima, mota ya ringi mara nyingi haina gia, ikizunguka polepole na mzigo inakula ampea nyingi na zote zinageuka joto. Bibi, tafuta lenye mota mbele ya difu. Na kabla ya kulipa panda nalo kilima kimoja na magunia yako juu, ukifika simama uiguse mota. Ukiondosha mkono kwa haraka, lirudishe.