Vifaa vilivyokauka: nilichojifunza kwa Gunpei Yokoi

Mwaka juzi nilimtengenezea mama mwenye nyumba wangu kengele ya tangi la maji. Nilitaka kuonyesha ufundi, kwa hiyo nikafunga kitambuzi cha mawimbi ya sauti chini ya mfuniko, bodi yenye waifai, na meseji ya kumfikia kwenye simu maji yakijaa. Wiki ya kwanza aliwaita majirani waje kuona. Wiki ya tatu bando likaisha, unyevu ukaingia kwenye kitambuzi, na maji yakamwagika uani usiku kucha. "Mwanangu," akaniambia asubuhi, "mimi nilitaka kujua maji yamejaa. Basi."

Siku hizo nilikuwa na Game Boy ya mtumba mezani, ile mashine ya michezo ya video ya mkononi ya kampuni ya Nintendo, nikihangaika na zile skrubu zake za mikono mitatu. Nilipoifungua nilishangaa jinsi ilivyokuwa na vitu vichache. Nikataka kumjua aliyeibuni: Gunpei Yokoi.

Yokoi alizaliwa Kyoto, Japani, mwaka 1941, akasomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha. Alipoingia Nintendo mwaka 1965 kampuni ilikuwa ikiishi kwa karata, naye akapewa kazi ya kutunza mitambo ya kiwanda. Wengi wetu wenye vyeti tungenuna. Yeye kwenye muda wa kupoteza akajichongea mkono wa kukunjuka, wa kunyakulia vitu vilivyo mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akauona, na badala ya kumfokea akamwagiza aufanye bidhaa. Mkono huo, ukiitwa Ultra Hand, ulitoka 1966 na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo ukipewa kazi ya grisi na spana, usiache kuchezacheza na chuma chakavu. Ila omba Mungu bosi wako awe na jicho kama la Yamauchi. Wangu wa kwanza hakuwa nalo.

Mwaka 1969 akaja na kipimo cha mapenzi. Wawili wanashikana mikono, kila mmoja anashika ncha moja ya kifaa, na mshale unapanda. Hakuna uchawi: ngozi yenye jasho hupitisha umeme zaidi. Fundi yeyote wa redio angeweza kukiunda, ila hakuna aliyekuwa amefikiria.

Kisha kuna kisa cha treni. Yokoi alimwona abiria aliyechoka akibonyezabonyeza kikokotoo ili kupoteza muda. Wakati huo watengenezaji wa vikokotoo Japani walikuwa wamepigana vita vya bei hadi vioo vyake vikawa rahisi mno. Siku moja dereva wa Yamauchi hakuwepo, Yokoi akashika usukani, na njiani akamweleza bosi wazo la mchezo mdogo wa mfukoni. Mchezo huo, Game & Watch, ulitoka 1980. Toleo lake la Donkey Kong la 1982 ndilo lililoleta kitufe cha msalaba ambacho dole gumba lako linakijua hadi leo.

Falsafa yake aliiita kwa Kijapani *kareta gijutsu no suihei shikō*: kuipeleka teknolojia iliyokauka mahali ambapo haikuzoeleka. Wengine husikia "kukauka" wakadhani ni tusi. Muulize seremala. Mbao mbichi hupinda mlango ukishafungwa. Iliyokauka imeshapinda ilivyotaka kupinda, unajua tabia yake. Kifaa cha miaka kumi sokoni kasoro zake zimeshajulikana, bei imeshashuka, na vipuri vipo.

Game Boy ya 1989 ndiyo ushahidi. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa, kilikuwa na vivuli vinne tu. Mshindani wake, Atari Lynx, ilikuja mwaka huohuo na rangi zake, kwa takriban dola 180. Game Boy Marekani iliuzwa takriban 90. Game Gear ya Sega, mshindani mwingine, nayo ilikula betri sita kwa saa 3 hadi 5, huku Game Boy ikienda zaidi ya saa 10 kwa betri nne. Mzazi anayenunua betri alijua achague ipi.

Lakini msimgeuze mtume. Virtual Boy ya 1995, mashine yake nyingine ya michezo, ilitumia taa nyekundu za bei rahisi, nayo ilianguka vibaya. Ilibidi uiweke mezani na uinamie, na watu wakalalamika kuumwa kichwa. Urahisi wa kipuri hauokoi kitu ambacho mtumiaji hakukihitaji, na hilo ndilo lililonipata mimi kwa upande wa pili, na vipuri vyangu vya kisasa. Yokoi aliondoka Nintendo 1996, akaanzisha kampuni yake, Koto, na mwaka uliofuata akafa kwa ajali ya barabarani, akiwa na miaka 56.

Tangi la mama nililirudia. Boya la plastiki, swichi, betri ya pikipiki na honi yake. Mwaka wa pili sasa haijagoma. Jirani wa ukuta wa pili ndiye anayelalamika, maana honi humwamshia mtoto.